Uso Umeumbwa na Haya, Simu Haina

Tarehe 5 Novemba 2017 ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ilikatisha safari ikatua Chennai, India. Haikuwa injini, wala haikuwa hali ya hewa. Kwa mujibu wa vyombo vya habari vya India, mume alikuwa amepitiwa na usingizi, mkewe akamshika kidole polepole, akakigusisha kwenye simu, simu ikakubali, na humo ndani akakutana na habari za mwanamke mwingine. Kilichofuata wahudumu wa ndege hawakukiweza. Ikaonekana ni heri ugomvi ule ushushwe njiani kuliko kufika nao Bali.

Siku mbili kabla ya hapo, Novemba 3, iPhone X ilikuwa imeanza kuuzwa. Ndiyo simu ambayo Apple iliondoa kile kitufe cha chini pamoja na kisoma-kidole chake, ikasema kuanzia sasa ufunguo ni uso wako. Nilizisoma habari hizo mbili katika wiki moja, nikacheka kama wengine, nikazisahau. Nimekuja kuzikumbuka baadaye sana, nilipoanza kujiuliza kwa nini kelele zote za mwaka ule kuhusu simu inayosoma sura ziliwahusu wezi, wadukuzi na serikali za mbali, ilhali visa vilivyokuja kusimuliwa vilikuwa vya mtu na mwanawe, mtu na mwenzake wa kazini, mtu na ofisa wa dola aliyesimama mbele yake.

Bei ndiyo iliyozungumzwa kwanza, basi tuanze nayo. Apple ilipoitangaza simu hiyo Septemba 12, 2017, katika ukumbi wake mpya wa Steve Jobs Theater huko Cupertino, California, ilitaja dola 999 kwa ile ya GB 64 na dola 1,149 kwa ya GB 256. Waingereza walitajiwa tarakimu zilezile, 999, ila kwa pauni, na pauni si dola. Miaka kumi nyuma, iPhone ya kwanza kabisa ilianzia dola 499, ukifunga mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu. Ile dola moja iliyopunguzwa ili bei isifike elfu haikumzuga mtu. Ongeza kodi ya mauzo ya majimbo mengi ya Marekani, umeshaivuka elfu.

Watu wakapiga kelele. Dola elfu kwa simu! Tena simu ambayo kioo chake kimemegwa juu, pakaachwa kipande cheusi cha kuficha kamera na vihisi! Utani uliandikwa kwa magunia. Lakini siku ileile, jukwaa lilelile, Apple ilitangaza pia iPhone 8 kwa dola 699, yenye chipu ileile ya A11 na kitufe kilekile cha kidole. Yaani aliyesema hataki kusomwa uso alifunguliwa mlango wazi, na bado angerudi nyumbani na dola 300 mfukoni. Oda za X zilipoanza kupokelewa Oktoba 27, muda wa kusubiri ulifika wiki tano hadi sita katika dakika chache tu. Mwanzoni mwa Februari 2018 Tim Cook, bosi wa Apple wakati ule, akatangaza kwamba X ndiyo iliyouzwa kuliko iPhone nyingine yoyote kila wiki tangu itoke. Katika ile robo ya mwaka iliyoishia Desemba, Apple iliuza iPhone milioni 77.3, na wastani wa bei kwa simu moja ukapanda hadi karibu dola 796.

Unaweza kusema wanaolalamika si wanaonunua. Kwa kiasi fulani ni kweli. Ila mimi nadhani bei yenyewe ilifanya kazi nyingine: ilimgeuza mnunuzi kuwa wakili. Aliyetoa dola elfu hakuambii kirahisi kwamba asubuhi, akiwa amelala ubavu na nusu ya uso imezama kwenye mto, simu inamkataa. Hakuambii kwamba akiiweka mezani inambidi aiinamie kama anainusa, wakati zamani alikuwa anaigusa tu kwa kidole na kuendelea na chai. Hakuambii kwamba akiilaza simu kwa upana anapotazama mpira, kitasa hakimtambui. Jambo hilo la upana lilisubiri hadi 2022 kurekebishwa, tena kwa simu za karibuni tu, X ikiachwa nje. Kero hizi ndogondogo zilisemwa kwa sauti ya chini, na wenye simu wenyewe. Zilizosemwa kwa sauti ya juu zilitoka kwa wasiokuwa nayo.

Na sauti ya juu kuliko zote ilikuwa ya kicheko, pale Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, alipoinyanyua simu jukwaani mbele ya dunia nzima ili aonyeshe jinsi inavyofunguka, nayo ikamwomba namba ya siri. Akaifuta, akajaribu tena, ikagoma. Akachukua ya akiba. Kipande hicho cha video kilizunguka kuliko maelezo yote ya saa mbili. Siku iliyofuata Apple ilieleza: watu waliokuwa wakiiandaa ile simu nyuma ya pazia waliishika bila kujua kwamba kila wanapoinyanyua inawasoma, haikumkuta Federighi katika nyuso zao, ikahesabu makosa, kisha ikafanya kama ilivyofundishwa, ikadai namba. Kwa maneno mengine, ile simu iliyochekwa ilikuwa imewakataa watu baki mmoja baada ya mwingine. Jaribio la usalama lilikuwa limefaulu kabla onyesho halijaanza.

Sikumbuki kama kuna aliyeacha kucheka baada ya maelezo hayo. Lakini neno moja lilinibaki: ilikuwa inawasoma bila wao kujua. Kidole unakipeleka mwenyewe. Namba unaibonyeza mwenyewe. Uso unakwenda nao kila mahali, umewaka kama taa ya baiskeli, na yeyote mwenye kifaa anaweza kuusoma ukiwa unafikiria mambo mengine.

Jukwaani hapohapo Phil Schiller, aliyekuwa mkuu wa masoko, alitoa takwimu ambayo wauzaji simu wa dunia nzima wameikariri hadi leo. Kwa kidole, alisema, uwezekano wa mtu wa kuokotwa tu njiani kuifungua simu yako ni mmoja kati ya 50,000. Kwa uso, ni mmoja kati ya 1,000,000. Akatania kidogo kuhusu pacha mwovu, akapita.

Takwimu hiyo ni ya kweli, na imesimama juu ya kazi ya kiufundi inayostahili heshima. Kile kipande cheusi kilichochekwa kina kifaa kinachomwaga usoni mwako vidoti zaidi ya 30,000 vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, na kamera inayotazama jinsi vidoti hivyo vinavyopinda kwenye pua, mashavu na matundu ya macho. Haiangalii picha yako, inaangalia milima na mabonde yako. Ndiyo maana picha iliyochapishwa kwenye karatasi haiipumbazi, wakati mwaka huohuo wa 2017 watu walionyesha kwamba Samsung Galaxy S8 ilifunguka kwa picha ya mwenyewe iliyowekwa kwenye simu nyingine. Samsung wenyewe hawakuuhesabu uso kuwa kitasa cha kulindia malipo. Ramani ya uso ya iPhone inakaa ndani ya chipu, mahali palipotengwa, haipelekwi Apple. Siku moja tu baada ya uzinduzi Seneta Al Franken wa Minnesota alimwandikia Cook akiuliza nyuso hizi zitakwenda wapi, na jibu alilopata lilikuwa hilohilo: haziendi popote.

Lakini isome tena ile sentensi ya Schiller. Mtu wa kuokotwa njiani. Lini mara ya mwisho mtu wa kuokotwa njiani alishika simu yako akitaka kujua umeandika nini? Mwizi wa Kariakoo au wa Brooklyn hana haja na ujumbe wako. Anataka kuizima, kuivunjavunja, kuiuza kioo mbali na betri mbali. Anayetaka kusoma ni anayekujua. Ni mume, ni mke, ni mtoto anayetaka mchezo, ni mdogo wako uliyemfanana, ni mwenzio wa ofisini. Hao si watu wa kuokotwa. Na hao, kwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyogawa sura, mara nyingi ndio wenye uso unaokaribia wako.

Apple yenyewe iliandika hivyo, kwa maandishi madogo: uwezekano unabadilika kwa mapacha, kwa ndugu waliofanana, na kwa watoto walio chini ya miaka 13, ambao nyuso zao hazijakomaa kutofautiana. Ikashauri wenye wasiwasi watumie namba ya siri. Nani husoma maandishi madogo?

Basi Novemba hiyohiyo ikatoka habari ya mama mmoja wa Staten Island, New York, na mtoto wake wa miaka kumi. Familia ilipata iPhone X, mama akasajili uso wake, mtoto akaichukua, akaitazama, ikafunguka. Jarida la Wired lilimwomba mama arudie usajili. Aliporudia, mtoto alikataliwa. Aliposajili tena katika mwanga hafifu kama ule wa siku ya kwanza, mtoto akaingia tena. Desemba ikaja ya China, mjini Nanjing: mwanamke mmoja alikuta kwamba mfanyakazi mwenzake anaifungua simu yake, akabadilishiwa, na mpya nayo ikafunguka kwa yule yule.

Kuna kitu kimoja cha kiufundi ambacho naona kilipitwa haraka mno na wachambuzi wa wakati ule, nacho ndicho kinachoeleza mengi. Face ID, yaani hicho kitasa cha uso cha Apple, hujifunza. Ukifuga ndevu, ukizeeka, ukinenepa, inakufuata. Inafanyaje? Ikiusoma uso unaokaribia wa mwenyewe lakini haujatosha, kisha papo hapo mtu akaingiza namba sahihi ya siri, inahesabu kwamba kumbe ni yeye, amebadilika kidogo tu, na inauongeza uso huo kwenye kumbukumbu. Sasa chukua nyumba ya kawaida. Mdogo wako mmefanana, na namba ya siri anaijua kwa sababu ulimpa mwenyewe siku unaendesha gari ili ajibu ujumbe. Anainyanyua simu, inamkataa, anaingiza namba. Kesho hivyohivyo. Polepole simu inajifunza kwamba mwenye mali ana sura mbili. Hakuna mdukuzi hapo wala kinyago. Ni malezi tu.

Kinyago nacho kilikuja, na kilipewa vichwa vya habari vikubwa kuliko mama wa Staten Island. Kampuni ya usalama ya Bkav ya Hanoi, Vietnam, ilionyesha kinyago kilichochapwa kwa printa ya 3D, pua ya silikoni, macho ya karatasi, gharama kama dola 150, simu ikafunguka. Dunia ikashtuka kwa siku mbili tatu. Mimi sikushtuka, na bado sijashtuka. Wa kukutengenezea kinyago inambidi kwanza aupime uso wako kwa kina, kisha aikamate simu yako, kisha apatie kabla majaribio matano hayajaisha. Kama wewe ni mtu anayestahili taabu yote hiyo, una walinzi na una matatizo mengine. Sisi wengine tutafunguliwa simu zetu sebuleni.

Wapo waliouliza swali jingine, na hao nawaheshimu zaidi: mimi mweusi, itaniona? Halikuwa swali la uchokozi. Mwaka 2015 programu ya picha ya Google iliwapachika watu weusi jina la sokwe, na kampuni ikabidi iombe radhi. Februari 2018, miezi mitatu baada ya X kuingia madukani, Joy Buolamwini, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha vipimo vyao vya programu tatu za kibiashara zinazobashiri jinsia kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Kwa hiyo Mmarekani mweusi aliyesita kulipa dola 999 kwa kitasa kinachosoma sura hakuwa na woga wa ushamba, alikuwa na historia mkononi. Ikatokea kwamba Face ID haikuangukia shimo hilo kwa namna ileile, kwani infraredi na kina cha uso havitegemei weupe wa ngozi kama kamera ya kawaida, na Apple ilisema iliifundisha kwa picha zaidi ya bilioni moja za watu wa aina mbalimbali. Mimi ni mweusi wa kuitwa mweusi na weusi wenzangu, na umeme ukikatika usiku simu hunitambua kabla mke wangu hajawasha mshumaa. Lakini swali lilikuwa sahihi, na lingestahili kujibiwa jukwaani, si kuachiwa waulizaji wanunue ndipo wajue.

Nirudi kwenye ile ndege ya Doha. Wacheshi wa mtandaoni walidhani uso utawaharibia zaidi waume wanaolala fofofo. Kumbe hapo Apple ilikuwa imefikiri: Face ID inataka macho yawe wazi na yaitazame simu. Aliyelala hafunguliwi. Unaweza kuona umuhimu wa uamuzi huo ukitazama kilichotokea Oktoba 2019 Google ilipotoa simu yake ya Pixel 4 ya dola 799, nayo ikiwa na kisoma-uso cha infraredi na haina cha kidole. Mwandishi wa BBC alifumba macho, simu ikafunguka. Hapo watu hawakucheka. Hasira ilikuwa ya haraka na ya kweli, na hakuna aliyetaja wadukuzi wala majasusi. Kila mtu alimfikiria anayelala naye kitanda kimoja. Google iliahidi marekebisho, na yalifika Aprili 2020. Nusu mwaka mzima watu walilala na kitasa kilicho wazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la wateja lililokuwa la akili kuliko yote katika sakata hili la sura, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walimtaja mtu anayewahusu.

Hata hivyo kufungua macho hakukutosha, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Wahenga wetu wanasema uso umeumbwa na haya. Maana yake kila mswahili anaijua: mtu anayeweza kukunyima kwa barua, kwa simu, kwa kumtuma mtoto akuambie hayupo, akikutana nawe ana kwa ana hushindwa. Macho yakigongana, mkono hutoa. Ndiyo maana anayedai deni huenda mwenyewe alfajiri, hatumi ujumbe.

Sasa mtazame mke aliyeshika simu ya mumewe, au mume aliyeshika ya mkewe. Enzi ya namba ya siri, anayeulizwa ana maneno ya kusema. Nimeibadilisha, imenitoka. Hii simu ni ya ofisi. Atabishana, atanuna, atakwenda msalani na kurudi na namba nyingine. Enzi ya kidole, inabidi asubiriwe alale au ashikwe mkono kwa nguvu, na kushikwa mkono ni ugomvi unaojulikana kuwa ugomvi. Enzi ya uso, simu inanyanyuliwa tu hadi usawa wa macho na sauti inasema kwa upole, "Hebu angalia hapa mara moja." Hakuna nguvu, hakuna hata kugusana. Ukiangalia, imefunguka. Ukifumba macho au ukigeuka pembeni, umeshajibu swali ambalo lilikuwa bado halijaulizwa. Kitasa kimehamishwa kutoka kichwani, mahali pa kufichia, kimewekwa pale penye haya. Simu yenyewe haya haina. Haijui kama unaitazama kwa hiari au kwa kubanwa.

Apple iliweka njia ya dharura: bana kwa pamoja kitufe cha ubavuni na cha sauti, kitasa cha uso kinazimika na namba inadaiwa. Hata Edward Snowden, Mmarekani aliyefichua ujasusi wa serikali yake na ambaye si mtu wa kuisifia teknolojia ya aina hii, aliitaja njia hiyo kwa sifa, ingawa aliongeza kwamba ubaya wa simu hii ni kuwazoesha watu kupimwa sura. Niliwahi kuuliza nyumbani na kazini, watu kama kumi hivi, wote wenye simu za Face ID, nani anajua vitufe vya kubana. Hakuna aliyejua. Na hata angejua, bana vitufe mbele ya mwenzio uone kama hakutakuwa na maswali.

Ofisa wa dola naye ni mtu wa karibu, kwa maana ya kwamba amesimama mbele yako. Mwaka 2014 jaji mmoja wa Virginia aliamua kwamba polisi wanaweza kumlazimisha mshukiwa kuweka kidole kwenye simu, lakini hawawezi kumlazimisha kutaja namba ya siri: namba ni kauli iliyo kichwani, na Katiba ya Marekani inamlinda mtu asijishuhudie dhidi yake mwenyewe, kidole ni mwili, kama damu au unywele. Agosti 2018, Columbus, Ohio, maofisa wa FBI wenye hati ya upekuzi walimtaka mshukiwa aielekeze sura yake kwenye iPhone X yake, ikafunguka, na hicho kilikuwa kisa cha kwanza cha aina hiyo kujulikana. Januari 2019 hakimu mwingine, California, akaona kinyume: mwili unapotumika kama namba, basi ulindwe kama namba. Mahakama za huko hazijakubaliana, na sisi wa huku wala hatujaanza kuulizana.

Kuna kundi lililopata jibu la upesi kuliko mahakama, nalo ni la wanaofunika uso. Face ID inavumilia kofia, miwani, mtandio na ndevu, lakini ilihitaji kuona macho, pua na mdomo. Shangazi yangu anaishi Muscat na huvaa nikabu akitoka. Alipohamia simu isiyo na kitufe alinipigia kulalamika kwamba sokoni anaonekana kama aliyeiba simu, anabonyeza namba kila mara. "Kidole nilikuwa nakitoa tu," alisema. "Uso nitautoa wapi katikati ya soko?" Sikuwa na jibu. Kisha ikaja korona, 2020, na dunia nzima ikavaa barakoa, na ghafla tatizo la shangazi likawa tatizo la Cupertino. Mei mwaka huo Apple iliharakisha kisanduku cha namba kionekane mapema mtu akiwa na barakoa. Aprili 2021 ikaruhusu saa ya Apple ya mkononi isaidie kufungua, kwa mwenye saa. Machi 2022 ikawezesha kusoma macho na eneo linaloyazunguka peke yake, kuanzia iPhone 12 kwenda mbele. Wanawake wa Ghuba na wa pwani yetu walikuwa wamesubiri tangu 2017.

Kwa haki lazima niseme upande wa pili. Kuna vidole ambavyo havisomeki. Tanzania ilipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, tuliona wazee na watu wa kazi za mikono wakirudiarudia kuweka dole gumba kwenye kile kimashine bila mafanikio, mistari ya vidole imefutwa na saruji, jembe na sabuni. Kwa mtu huyo uso ni faraja. Tatizo ni kwamba simu anayoimudu haina vidoti 30,000. Simu nyingi za bei ya kati zinazouzwa kwetu zinafungua kwa sura kwa kutumia kamera ileile ya selfi, na kwenye mipangilio zinakiri zenyewe kwamba mtu aliyefanana nawe anaweza kuifungua. Muuzaji anaita zote "Face". Mteja anadhani amenunua kitasa cha dola elfu, kumbe amenunua kioo cha kujitazamia.

Na lile onyo la Snowden kuhusu kuzoea, nililidharau. Agosti 2023 nikaliona Nairobi. Watu walipanga foleni ndefu hadi jumba la KICC ili mpira wa chuma wa mradi uitwao Worldcoin upige picha mboni zao, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000 za Kenya, mpaka serikali ikasimamisha zoezi. Marekani mwaka 2017 mtu alilipa dola 999 asomwe uso, akabaki na ramani yake mfukoni. Nairobi mtu alilipwa asomwe jicho, na ramani ikaondoka. Mambo mawili tofauti kabisa. Lakini mwendo wa mwili ni uleule, wa kunyanyua kidevu mbele ya kifaa na kutulia, na kufikia 2023 hakuna aliyehitaji kuelekezwa namna ya kusimama.

Mwaka jana mpwa wangu alinichukua Kariakoo kumsindikiza kununua iPhone X iliyotumika, mzigo wa Dubai. Maswali ya hapo yana mpangilio: betri asilimia ngapi, kioo ni chenyewe au cha kubadilishwa, Face inasoma? Hilo la tatu hubeba bei. Kile kifaa cha vidoti kimefungwa ndoa na bodi ya simu iliyozaliwa nacho. Maji yakikipata au fundi akikichana wakati wa kubadilisha kioo, huwezi kuchukua cha simu nyingine ukakipachika. Mafundi wachache wenye darubini na mkono mwepesi hukifufua, na hulipisha wanavyojua.

Muuzaji alitoa mbili, rangi moja, hali moja. "Hii Face inasoma, hii haisomi," alisema, na tofauti ya bei haikuwa ndogo. Nikamshauri mpwa wangu aongeze pesa achukue nzima, nioneshe kwamba nimekuja kwa kazi. Kama hana, yupo fundi ghorofani, tumpelekee.

Akaigeuzageuza ile isiyosoma, akaiwasha, akaweka namba sita za siri, akaizima. Ana miezi mitano tangu aoe.

"Mjomba," alisema, akimhesabia muuzaji pesa, "hii hii inatosha. Fundi wa nini?"